Kibarua Mwenye Tai

Machi 2008 nilipanda basi la alfajiri pale Ubungo kwenda Tanga, bahasha ya kaki mapajani. Ndani yake mlikuwa na mkataba wangu wa kwanza wa kazi, na nilitaka mjomba auone kabla ya mtu mwingine. Mjomba alikuwa mtu wa benki. Aliingia Benki ya Taifa ya Biashara, ile tuliyozoea kuiita NBC, mwaka 1970 akiwa kijana aliyetoka kidato cha nne, akatoka kwa hiari yake katikati ya miaka ya 1990 akiwa na nyumba Chumbageni na mafao yake kamili. Katika ukoo wetu mtu akisema “kazi” bila kuongeza neno, tulijua anasema kazi ya mjomba.

Nilimwamkia, akaitikia, akatafuta miwani, akafungua bahasha. Hakuanza na ukurasa wa kwanza. Wazee wa kaunta husoma hati kuanzia chini, kwa sababu hundi yenye tarakimu nzuri na sahihi mbovu ni karatasi ya kufungia karanga. Akatazama muhuri. Akauinamia tena.

“Mpwa wangu, si ulisema umeajiriwa benki?”

“Ndiyo, mjomba.”

“Sasa mbona aliyekuajiri si benki?”

Nilinyamaza. Muhuri ulikuwa wa kampuni ya wakala wa ajira yenye ofisi ya vyumba viwili Dar es Salaam. Benki yenyewe, mojawapo ya zile kubwa nchini, ambayo sitaitaja hapa, ilionekana katika kurasa zote nne kwa jina moja tu: “mteja”. Muda wa ajira ulikuwa miezi sita.

Mjomba akarudisha karatasi ndani ya bahasha, akasema neno ambalo siku ile nililiona dharau: “Babu yako naye alikuja Tanga hivihivi.”

Ilinichukua miaka kulielewa.

Babu mzaa mama alikuwa Muha wa Kasulu. Alifika Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1950 kukata mkonge. Hakuna shamba lililomtafuta. Aliyemwandikisha kijijini alikuwa mtu wa SILABU, ofisi iliyoundwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944 kwa kazi moja: kutafuta watu katika mikoa ya mbali na kuwasafirisha hadi mashambani. Watu hao walipewa namba, na namba hizo zikawa jina lao, manamba. Kwa hiyo babu alikuwa na mwenye shamba aliyemtumikisha na wakala aliyemleta, na tangu siku ya kwanza alijua kuwa hao ni watu wawili tofauti. Mimi nilihitaji shahada na mjomba mwenye miwani ili nilijue hilo.

Shambani babu alipewa kipande. Wakenya wakilisikia neno hilo hukumbuka kitambulisho ambacho mababu zao walilazimishwa kukivaa shingoni. Kwetu Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, siku yako inatiwa alama. Ukiumwa, nafasi inabaki wazi. Mshahara ulikuja kadi ilipojaa, hata kama kujaa kwenyewe kumechukua siku 40. Utaratibu huo ulikuwa na mizizi ya nyuma zaidi: mwaka 1907, huko Usambara, utawala wa Kijerumani ulianza kugawa kadi zilizomlazimisha kila mwanamume kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne.

Tena tunalo neno kibarua, ambalo tumelizoea kiasi cha kutolisikia. Kibarua ni barua ndogo. Ni cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akakionyeshe kwa mlipaji. Baadaye jina la cheti likahama, likamkaa aliyekishika. Kiswahili kilimtazama mfanyakazi wa muda, kikaona kwamba kinachomtofautisha na wengine ni udogo wa karatasi yake. Mwenye barua ana kazi. Mwenye kibarua ana leo.

Sasa twende benki. Wajerumani walifungua Deutsch-Ostafrikanische Bank mjini Dar es Salaam mwaka 1905, na ndiyo iliyotoa noti za rupia za koloni lao. Waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, zikaingia za Waingereza: Standard Bank, National Bank of India ambayo baadaye ikawa National and Grindlays, na Barclays D.C.O. Ndani ya benki hizo ajira ilikuwa na ghorofa tatu. Juu walikaa maofisa wa Kizungu, walioajiriwa kwao na kuletwa huku wakiwa na uhakika wa nyumba na likizo. Katikati walikuwa makarani wa Kihindi na Wagoa, wenye leja na kaunta. Katika benki zilizotokea India, keshia aliitwa “shroff”, neno lenye asili ya Kiarabu kilekile kilichotupa sisi sarafu. Chini kabisa alikuwa Mwafrika: tarishi, mfagizi, mlinzi wa usiku.

Tarishi alibeba hundi za maelfu ya shilingi kutoka benki moja kwenda nyingine, na jioni akarudi kwake Magomeni kwa miguu. Sioni mfano bora wa uaminifu usiolipwa. Alikuwa kibarua wa fedha za watu, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja mwanawe angekaa upande wa pili wa kaunta.

Kilichobadilisha mambo kilianzia bandarini, mbali na benki. Makuli wa Dar es Salaam waliajiriwa kwa siku: asubuhi unasimama getini, ukichaguliwa unakula, usipochaguliwa unarudi. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1947, na mara hii mgomo ukafuata reli ukaingia bara. Mombasa nako mji mzima ulisimama Januari 1947. Wakoloni walipata fundisho ambalo wanazuoni wa kazi wamelirudia tangu hapo: mtu asiye na kesho kazini hana cha kupoteza akigoma leo. Kuanzia hapo bandari zikaanza kupunguza kazi ya kutwa na kuandikisha watu wa kudumu. Huruma haikuhusika.

Uhuru ulipokuja, viongozi kadhaa walikuwa wametoka katika vyama vya wafanyakazi. Rashidi Kawawa mwenyewe alikuwa katibu mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, lililoanzishwa mwaka 1955. Mwaka 1962 ikapitishwa sheria ya kiinua mgongo kwa anayeachishwa kazi, na kima cha chini cha mshahara kwa Dar es Salaam kikapangwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi. Mwaka 1964 ikafuata Sheria ya Usalama wa Ajira, iliyomnyima mwajiri uhuru wa kumfukuza mtu kwa sababu tu ameamka vibaya. Mwaka huohuo ukaanzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF. Kwa miaka hiyo michache kibarua akaanza kukua kuwa barua.

Halafu ikaja Jumatatu, tarehe 6 Februari 1967. Siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, Mwalimu Nyerere alitaifisha benki zote za biashara za kigeni. Kwa sheria ya Bunge zikaunganishwa kuwa NBC, na Amon Nsekela akawa mwenyekiti na mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza. Maofisa wengi wa kigeni walifunga mizigo. Watu wengi hawalifikirii hili: taifa lilichukua majengo, makabati ya chuma na leja, lakini halikuweza kuwataifisha waliojua kuziandika. Ilibidi watafutwe wapya, na upesi.

Hivyo ndivyo mlango ulivyomfungukia mjomba. Anasimulia usaili wake hadi leo kama hadithi ya vita. Walikaa vijana kumi na wawili katika chumba chenye feni moja. Walipewa hesabu za kujumlisha safu ndefu za shilingi na senti, bila mashine. Kisha wakaambiwa wanakili ukurasa mzima kwa kalamu ya wino. Meneja alikuwa anatafuta mwandiko. Leja iliandikwa kwa mkono, na tarakimu 1 inayofanana na 7 ingeweza kumlaza tawi zima macho hadi saa nne usiku wakitafuta hesabu iliyopotea. “Mimi niliajiriwa kwa sababu ya saba yangu,” husema. Alikuwa anaikata katikati kwa kistari.

Siku ile ya bahasha, baada ya kuniudhi, aliingia chumbani akarudi na kopo la biskuti. Mlikuwa na kitabu cha akiba, picha ya suti ya Kaunda, na barua yake ya ajira. Nikaishika. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, imepigwa taipu, na herufi moja ilikuwa inaruka juu ya mstari kila ilipotokea. Ilisema kipindi cha majaribio, ilisema mshahara, ilisema kwamba baada ya hapo atakuwa mtumishi wa kudumu. Chini, sahihi ya ofisa wa benki na muhuri wa benki. Barua iliyompa robo karne ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mkataba ulionipa miezi sita ulikuwa wa kurasa nne.

Sipambi enzi hizo. Masharti ya kazi katika mashirika ya umma yalipangwa na kamati iliyoundwa mwaka 1967, SCOPO, na ngazi zake za mishahara zilifahamika hata kwa wauza kahawa. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilianzishwa mwaka 1972 kuwapika wahasibu na watu wa benki. Mwaka 1978 ukaja Mfuko wa Pensheni wa Mashirika ya Umma, PPF. Utaratibu ulikuwapo. Lakini kadiri kazi ya kudumu ilivyokuwa tamu, ndivyo njia za mkato kuelekea huko zilivyoongezeka. Miaka ya 1970 na 1980 ilizaa maneno mawili ambayo hayajafa: undugunaizesheni na kimemo. Kimemo ni kile kikaratasi cha mkubwa mmoja kwenda kwa mkubwa mwenziwe: “Mletaji wa karatasi hii ni kijana wetu, msaidie.” Hapo tena karatasi ndogo ikatawala maisha ya watu, safari hii ikiwa mkononi mwa wenye jamaa.

Hata miaka ile, mjomba anakiri, vibarua hawakukosekana tawini. Msimu wa mazao ulipofika na fedha zikawa zinaenda vijijini kwa masanduku, walikuwapo wabebaji wa siku. Walikuwapo wafagizi na wakata majani. Lakini kulikuwa na desturi: kijana aliyebeba sanduku kwa uaminifu misimu miwili alikumbukwa nafasi ya utarishi ilipotoka. Kazi ya muda ilikuwa ngazi. Ilikuwa na kidato cha juu cha kukanyaga.

Ngazi hiyo ilivunjika pamoja na nyumba yenyewe. NBC ilikuwa imeamriwa kuyakopesha mashirika ya umma, mamlaka za mazao na vyama vya ushirika, na mikopo mingi haikurudi. Tume ya Rais chini ya Charles Nyirabu ikachunguza mfumo mzima wa fedha, na mwaka 1991 ikapitishwa Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha iliyofungua mlango kwa benki binafsi. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa mara tatu: NBC (1997) Limited, National Microfinance Bank, yaani NMB, na shirika la kushika mali na madeni yaliyobaki. Mwaka 2000 ABSA ya Afrika Kusini ikanunua asilimia 55 ya NBC, na mwaka 2005 asilimia 49 ya NMB ikauzwa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi.

Katika miaka hiyo neno “kupunguzwa” lilitoka katika bei za nguo likaingia katika maisha ya watu. Matawi yalifungwa, kompyuta ikachukua nafasi ya leja, na mwandiko mzuri ukakosa soko. Nakumbuka wazee wa heshima mtaani kwetu, watu wa suti za Kaunda, wakifungua vibanda vya mafuta ya taa kwa fedha za kupunguzwa. Wengi wao hawakuwa na kosa lolote la kiutumishi. Walikuwa wamejifunza kazi ambayo mashine ilikuja kuifanya kwa sekunde mbili.

Muongo uliofuata benki zikanona tena. Ziligundua mshahara wa mwalimu: mtumishi wa umma anakopeshwa, makato yanakatwa hazina kabla fedha haijamfikia, hatari ni ndogo. Kila benki ikataka kuwafikia walimu, manesi na askari wa kila wilaya kabla ya mwenzake. Zilihitajika nguvu kazi nyingi, haraka, na za bei nafuu. Kumwajiri mtu wa kudumu kulimaanisha bima ya familia, mkopo wa nyumba kwa riba ya mfanyakazi, na kiinua mgongo siku akiondoka. Kwa hiyo wakala wa ajira akafufuka. SILABU ikavaa tai.

Sisi tulioingia kwa mlango huo tulikuwa na majina mengi. Walimu wa muda mashuleni huitwa wa tempo; makondakta wa kushikilia daladala ya mwenzao huitwa deiwaka. Benki tuliitwa “watu wa wakala”, na ukitaka kutujua, ungetazama shingo zetu. Kamba ya kitambulisho cha mwajiriwa wa benki ilikuwa ya bluu. Yetu ilikuwa ya kijivu. Mteja hakuona tofauti. Mlinzi wa maegesho aliiona kutoka mbali.

Nilianza na mauzo: fomu kwenye begi, viatu vyenye vumbi, shule kwa shule kuanzia Kibaha hadi Chalinze. Baada ya mwaka nikahamishiwa kaunta, nikashika fedha. Hapo ndipo nilipojifunza maana ya shoti. Ukifunga hesabu jioni na droo yako ikapungua, unalipa. Mwenzangu wa kamba ya bluu alilipa kidogokidogo kwa makato ya miezi. Mimi nililipa mwisho wa mwezi uleule, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kwamba nitakuwapo mwezi unaofuata.

Ila kilichonikaa rohoni ni mkopo. Nilipokuwa mauzo niliwauzia watu mikopo ya miaka mitano. Nilikuwa na ulimi mzuri, walimu waliniamini. Mwaka 2011 nilitaka kumalizia nyumba ya vyumba viwili Kongowe, nikapeleka ombi langu kwenye dawati lililokuwa hatua nane kutoka langu. Mwenzangu akafungua faili, akaniangalia kwa aibu. Kanuni ilisema muda wa mkopo usizidi muda wa mkataba. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne. Alinionyesha kikokotoo: kwa miezi minne ningeweza kukopa bei ya mifuko ya saruji ya kuta mbili.

Nyumbani sikusema. Ukweli ni kwamba heshima ya kazi ya benki iliniokoa mahali pengi. Nilipopeleka posa, wakwe walimwuliza mshenga swali moja tu: kijana anafanya kazi wapi? Akajibu, “Benki.” Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, barua ikapokelewa. Hakuna aliyeuliza kamba ya kitambulisho changu ni ya rangi gani, nami sikuona sababu ya kuwaelimisha.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe siku ya kwanza, tukalima misimu kumi na miwili, na bado tulikuwa wageni. Kila mwisho wa Februari na kila mwisho wa Agosti mtu wa wakala alikuja na mafaili, tukapanga foleni chumba cha chai, tukasaini. Mikataba kumi na miwili. Yote ilikuwa na maneno yaleyale. Kilichobadilika ni tarehe.

Nilijiuliza kwa nini benki inapenda karatasi nyingi kiasi kile, mpaka ofisa mmoja wa hesabu aliponieleza bila kumung’unya maneno. Mshahara wa kamba ya bluu uliandikwa katika safu ya gharama za wafanyakazi, ile wanahisa wanayoitazama kwanza. Malipo yangu yalikuja kila mwezi kama ankara kutoka kampuni ya wakala, yakaandikwa katika safu ya huduma, pamoja na usafi na matengenezo ya viyoyozi. Nilicheka siku ile. Njiani kwenye daladala nikaacha kucheka.

Je, sheria ilikuwa wapi? Ilikuwapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 14, ilitaja mikataba ya aina tatu tu: usio na ukomo, wa muda maalumu kwa wataalamu na watu wa menejimenti, na wa kazi maalumu. Keshia wa kaunta si meneja, na kama ni mtaalamu, basi alipwe kitaalamu. Kifungu cha 36 kilisema zaidi: mwajiri akikataa kuhuisha mkataba wa muda ilhali mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa, kukataa huko ni kumwachisha kazi. Mtu aliyesaini karatasi ileile mara kumi na mbili anayo matarajio au hana? Swali hilo lingeweza kuulizwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nani wa kuliuliza? Mkataba wa hali bora uliojadiliwa na chama cha wafanyakazi uliwahusu waajiriwa wa benki, na sisi kwa karatasi tulikuwa waajiriwa wa vyumba viwili vya ofisi.

Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni mpya za mawakala binafsi wa ajira. Ziliwarudisha mawakala kwenye kazi yao ya kuunganisha watu na waajiri, zikawakataza kuwa waajiri wa watu wanaowapeleka kwa wengine. Baadhi ya wenzangu walichukuliwa na benki yenyewe, na siku walipobadilishiwa kamba za shingoni walipiga picha kama wahitimu. Mimi sikuwamo. Mkataba wangu wa kumi na mbili uliisha mwisho wa Februari mwaka huo; wa kumi na tatu haukuja. Hakuna aliyenifukuza. Mtu wa wakala hakufika na faili langu, basi.

Nilikaa nyumbani nikisubiri simu, kwa kuwa miaka ya nyuma simu ilishawahi kuchelewa. Nilipopata akili ya kwenda Tume ilikuwa katikati ya Aprili, siku ya 47. Karani aliyenipokea, mama mmoja mpole, alihesabu kwa vidole juu ya kalenda ya ukutani. Lalamiko la kuachishwa kazi bila haki hupelekwa ndani ya siku 30. Ukichelewa unaweza kuomba usikilizwe, ukiwa na sababu ya maana. Sababu yangu ilikuwa kwamba sikujua, na kutojua hakuandikwi kwenye fomu.

Siku 30. Nilitoka pale nikimkumbuka babu na kadi yake. Yeye aliambiwa ajaze siku 30 ndipo alipwe. Mimi niliziacha zikajaa zenyewe, nikakosa hata kusikilizwa.

Leo mambo yamesogea tena. Tangu Benki Kuu itoe mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, kaunta imehamia dukani. Msichana wa kibanda cha rangi ya benki pale Mbagala anapokea amana, anatoa fedha, analipia watu umeme, kazi ileile niliyoifanya nikiwa na tai. Hana mkataba wa miezi sita wala kamba ya kijivu. Analipwa kamisheni kwa kila muamala, na siku akiumwa nafasi inabaki wazi. Babu angelitambua jambo hilo mara moja na angeliita kwa jina lake la zamani. Na sheria nayo imerekebishwa mwaka 2025, orodha ya kazi zinazoruhusiwa mikataba ya muda ikapanuliwa, kwa hiyo tusitegemee kwamba karatasi zitapungua.

Kwa muda mrefu nilidhani ajira ya mjomba ndiyo kawaida na yangu ndiyo ajali. Nikiitazama historia yote, naona kinyume. Kazi ya kudumu ya benki ilikuwa kipindi kifupi, kama miaka thelathini hivi, kilichofunguliwa na makuli waliogoma, kikajengwa na sheria za miaka ya 1960, na kikafungwa na madeni mabaya. Kabla yake kulikuwa na wakala na kadi. Baada yake kuna wakala na kadi. Kipindi kile hakikuanguka kutoka mbinguni, watu walikidai. Wakikidai tena kinaweza kurudi, ingawa sidhani kitarudi kwa barua ya ukurasa mmoja.

Mwaka jana binti wa dada yangu aliitwa kazini na benki moja ya Dar es Salaam. Alinitumia picha za mkataba kwa simu, kurasa tano, akauliza kama mshahara unatosha. Nikamjibu kama nilivyofundishwa Chumbageni. Nawe msomaji nakupa jibu hilohilo: anza na ukurasa wa mwisho. Tazama sahihi ni ya nani na muhuri ni wa nani. Kisha chukua kalenda, zungushia tarehe mkataba unapoisha, na kuanzia siku ya pili yake hesabu 30.